Jumanne za Mke Wangu

Nilipoanza kumwonea wivu, yeye alikuwa na miaka themanini na miwili na mimi sitini na sita. Nalisema hilo mwanzoni ili msomaji asije akadhani jambo jingine. Hakuwa mwanamume, hakuwa kijana, na hakunichukulia chochote cha kushikika. Alikuwa bibi wa Kiyahudi, mfupi, mwenye miwani ya kuning'inia shingoni kwa kamba, aliyekaa ghorofa ya kumi na tisa ya jengo letu hapa Xiaobei, mtaa wa Waafrika mjini Guangzhou, Uchina. Sisi tuko ya kumi na moja. Alichokuwa nacho ni sikio, na mke wangu alipanda kwenda kulijaza sikio hilo kila Jumanne saa nne asubuhi, kwa miaka minane, huku mimi mumewe nikibaki chini na masikio yangu mawili yasiyo na kazi.

Mimi ni mtu wa chuoni, chuo cha Kurani. Nilisoma kwetu Unguja, nikasomesha, kisha nikaingia biashara ya viatu iliyonileta Guangzhou, mwanzo kwa safari za wiki mbili mbili, mwisho kwa kuhamia. Siku hizi mwanangu ndiye mwenye ofisi ya kago. Mimi nakwenda kutazama marobota yanavyofungwa na kuwaudhi vijana wake. Kazi yangu ya uzeeni, kama ni kazi, ni kusuluhisha. Watu wetu wakikosana, mtu na mkewe, mtu na mshirika wake, huletwa kwangu. Nawapa chai, nawapa maneno, wanaondoka wamepeana mikono. Namshukuru Mungu aliyenipa ulimi. Ndiyo sababu jambo hili lilinichoma: mtaa mzima ulikuja kusema kwangu, isipokuwa mtu mmoja anayelala chumba kimoja nami.

Yeye na yule bibi walikutana ndani ya lifti. Mke wangu alikuwa ametoka sokoni na mifuko miwili, lifti ikasita baina ya ghorofa ya sita na ya saba kama kawaida yake, naye akasema kwa Kiswahili, akijua hapana anayemfahamu, "Lifti hii nayo, siku moja itatuua."

Sauti nyuma yake ikajibu, "Hii lifti iko mzee kama mimi. Polepole, lakini itafika."

Mke wangu aligeuka akamwona mkongwe wa Kizungu ameshika mkoba wa wavu wenye machungwa. Walicheka mpaka Mchina aliyekuwa nao akacheka pia, bila ya kujua anacheka nini. Jioni nilisimuliwa kisa hicho mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka.

Maisha ya yule bibi niliyapata kwa vipande, kupitia kwa mke wangu, kama mtu anayekula karamu kwa kuhadithiwa. Alikuwa mtoto wa kubebwa wazazi wake walipokimbia Ulaya wasiuawe kwa ajili ya Uyahudi wao. Meli iliwashusha Mombasa, treni ikawapandisha bara ya Kenya, na baba yake, ambaye kwao alikuwa wakili, akawa msimamizi wa ng'ombe katika shamba la mtu. Mama yake alikuwa na dada wanne waliobaki. Barua zao zilikuja, zikapungua, zikakoma. Baada ya hapo mama akawa hasemi. Alikaa dirishani na kazi ya kufuma mapajani, na mtoto akalelewa na yaya, aliyempa Kiswahili chake na nyimbo zake. Bibi alimwambia mke wangu kwamba alijifunza kusikiliza akiwa na miaka mitano, kwa kuwa mama mtu asiyesema inabidi umsikilize kwa namna nyingine: anavyoweka kikombe, anavyopumua akisikia mbwa anambwekea tarishi wa barua.

Ukubwani alikwenda Uingereza akasomea kuponya nafsi za watu kwa mazungumzo, akaifanya kazi hiyo miaka hamsini katika chumba kimoja chenye viti viwili. Akaolewa na fundi saa, akazaa wawili, akapata wajukuu sita, akafiwa na mume. Binti yake anafanya biashara ya vifungo na zipu hapa Guangzhou. Bibi alikuwa amevuka themanini alipomfuata. Watu wa umri huo hungoja mwisho wao penye kiti walichokizoea. Yeye alikuja kujifunza kuagiza mboga kwa kunyoosha vidole, na kubishana na wauzaji wa mtaani kwa neno moja la Kichina alilolijua vizuri, meiyou, yaani hakuna, alilolitumia hata pale kitu kilipokuwepo.

Namsifu sasa. Wakati ule sikumsifu. Nilikisikia Kiswahili chake nikasema moyoni: hicho ni Kiswahili cha zizini. Kitu yangu, mtu kubwa, kiti iko pale. Mke wangu ni mwanamke wa Mji Mkongwe, mtoto wa watu waliokuwa wakigombana kwa mafumbo, na moyo wake anakwenda kuufungua kwa mtu asiyejua kupatanisha neno na mwenzake.

Hakukuwa na malipo. Bibi alikwisha kustaafu. Mke wangu alitoka saa nne kasoro dakika tano na kurudi saa tano kasoro dakika kumi. Siku za Jumanne alijifukiza udi, jambo ambalo, nawaomba msinicheke, alikuwa ameliacha kwangu tangu meno yangu ya mbele yalipong'oka. Alirudi macho mekundu na miguu miepesi. Huo wepesi ndio ulioniumiza.

"Umelia?" nilimuuliza.

"Vitunguu."

"Vitunguu gani, na umetoka kwa watu?"

"Kunywa chai yako, Maalim. Inapoa."

Nilipouliza wanazungumza nini, alisema mambo ya kike. Nilipouliza mambo gani ya kike yanahitaji miaka, alisema ndiyo hayo hayo ya miaka. Basi nikawa mchunguzi. Nilijua chumba kikoje: viti viwili, saa ya mezani, boksi la tishu, mlango uliofungwa. Nilijua kwamba bibi hakuandika kitu. Nilichotaka kukijua, na niliishi nikikitaka, ni kile ambacho mke wangu alikisema mle ndani na hakukisema kwangu.

Rafiki yangu mmoja, mtu wa Tanga, tunayekaa naye kwenye mgahawa wa chini kabla ya sala ya adhuhuri, alinitazama siku moja nikiangalia saa.

"Jumanne leo," akasema.

"Najua."

"Maalim, wewe umepata mume mwenza. Na mwenzio anatembelea fimbo."

"Acha upuuzi."

"Upuuzi uko wapi? Fimbo yake nimeiona. Nzuri, ya mpingo. Yako wewe iko wapi?"

Meza nzima ilicheka, na mimi nilicheka nao, kwa kuwa mtu mzima akitaniwa hukasirikia nyumbani. Nilifundishwa, na nimefundisha, kwamba husuda hula mema ya mtu kama moto ulavyo kuni. Niliyasema hayo kwa watu wengine wiki ile ile, kwa sauti nzuri.

Nikaamua kumwalika. Nilimwambia mke wangu kwamba ni wajibu wa ujirani, na ulikuwa wajibu kweli, lakini nia yangu ilikuwa kumkalisha mezani kwangu nimpime. Shida ilikuwa chakula. Bibi alishika sheria za dini yake na nyama yetu hakula. Nikasema, basi cha baharini. Chakula chao kwetu ni halali, hilo nimelisoma, na kwetu sisi vya baharini vyote ni halali, havina mjadala. Sikuona kwa nini bahari iwe na mjadala kwa mtu mwingine.

"Tumuulize kwanza," mke wangu alisema.

"Aliyesoma hapa ni nani, mimi au wewe?"

Nilikwenda mwenyewe soko la samaki, nikapanda metro na mfuko unaochuruzika, watu wakinipisha. Nilitaka kumpa mgeni kilicho bora kwetu. Nikamletea pweza. Mke wangu alimponda, akampika kwa nazi na ndimu, nyumba ikanukia mpaka kwenye lifti. Bibi alifika na chungwa lake mkononi, akaketi, akafunuliwa sahani. Akaitazama ile mikono yenye vikombe vikombe. Akavaa miwani, akaitazama tena.

"Hii samaki," akasema, "iko na magamba?"

"Pweza hana magamba, Bibi," mke wangu alimjibu, kwa sauti ndogo.

"Na mapezi?"

Hapo nilifahamu. Kwao cha baharini lazima kiwe na mapezi na magamba, na mimi mwanachuoni nilikuwa nimemwekea mbele yake mnyama asiye na kimoja kati ya hivyo, na ana miguu minane. Hakukasirika. Alisema harufu yake inamkumbusha jikoni kwa dada yake yaya wake, Mombasa, ambako alikuwa akienda kunusa bila ya kula. Akamenya chungwa lake, akalila, akaomba jingine la kwetu, akala. Mimi nilikula pweza peke yangu kwa aibu, na kila kipande kilikuwa kikubwa kuliko koo langu.

Kwetu mgeni asipokula chakula chako amekusema bila ya kufungua mdomo. Nilijua kwamba kosa lilikuwa langu, na kwa kuwa lilikuwa langu nikazidi kumchukia. Kisha akapangusa vidole akaniuliza, "Maalim, watu yote inakuja kusema kwako. Na wewe, nani anasikiliza?"

"Mungu," nikamjibu.

"Vizuri. Mungu iko na sikio kubwa." Akamtazama mke wangu, akanitazama mimi. "Na hapa chini?"

Nilisema tunashukuru kwa kila hali. Hilo ndilo jibu langu la siku zote, na ni jibu zuri. Mke wangu aliondoka kwenda kukosha sahani ambazo hazijaisha kutumika.

Mwaka wa nne wa zile Jumanne, nilipanda mwenyewe. Ilikuwa Alhamisi, mke wangu amekwenda kwa wajukuu. Bibi alinifungulia mlango akiwa amejifunga aproni, nyuma yake mkate wa kusuka ukiumuka mezani kwa ajili ya sabato yao. Nilikataa kukaa.

"Nimekuja kuuliza mke wangu anakwambia nini."

"Siwezi kusema."

"Mimi ni mumewe."

"Najua."

"Kama ananisema vibaya, nina haki ya kujua. Najua ananisema. Mwanamke halii saa nzima kwa sababu ya hali ya hewa. Ni kwa sababu nilimleta ugenini, sivyo? Lakini alikubali mwenyewe. Au ni mambo ya mkwe wetu, nalo hilo nilikwisha kulimaliza. Au ni mambo ya zamani, na ya zamani Mungu alikwisha kuyapitisha."

Alinisubiri mpaka nikamaliza, kisha akasubiri zaidi kidogo, mpaka ukimya ukaanza kuniwasha.

"Umeona?" akasema. "Umeuliza mambo tatu. Umejibu yote tatu. Mimi sijasema kitu." Akanionyesha kwa mkono wenye unga. "Kiti iko pale. Ukitaka kusema yako, nitasikiliza. Ya yeye ni ya yeye. Ukitaka hiyo, uliza yeye."

"Nimemuuliza mara nyingi."

"Uliza, halafu nyamaza."

Nilishuka kwa ngazi ghorofa zote nane kwa hasira. Ningekuwa na nafuu kama angekuwa mtu wa hovyo, angenirushia hata neno moja la siri ya mke wangu nikamdharau. Lakini aliitunza amana mbele yangu kama mimi ninavyofundisha itunzwe, na mtu unayemwonea wivu akiwa mwaminifu huna pa kumshikia.

Katika yale matatu niliyoyauliza na kuyajibu, la tatu ndilo nililolipita mbio. Tulizaa watoto watatu, Mungu akatuachia wawili. Wa kwanza alikuwa msichana. Aliugua homa siku tatu, akaondoka, ana miaka sita. Nilikuwa mwalimu kijana, na siku ya maziko sikutoa chozi. Wazee walinisifu kwa subira yangu, na sifa ile niliivaa kama joho. Matanga yakaanuliwa siku ya tatu. Ya nne nilivikusanya vitu vyake nikavitoa nyumbani kabla mke wangu hajaamka, nikiamini namsaidia. Kila alipotaka kusema habari za mtoto nilimwambia, subira, mwenzangu. Nilimwambia kwa upole, na kwa dalili zote za dini. Baada ya miaka miwili akaacha kutaka. Jina la mtoto halikutajwa tena nyumbani kwetu, na nikadhani huko ndiko kupona.

Wakati wa yale maradhi yaliyofungia watu majumbani, hapakuwa na kupanda wala kushuka. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Jumanne ya kwanza mke wangu alichukua simu akaingia chooni akafungua bomba. Nilisimama nje ya mlango wa choo changu mwenyewe, mtu mzima na kanzu, nikitega sikio, na nilichosikia ni maji tu. Alipotoka alinikuta.

"Unataka kuingia?" akauliza.

"Nilikuwa napita."

"Nyumba ina vyumba viwili. Unapita kwenda wapi?"

Bibi alifariki baada ya Pasaka yao, ana miaka tisini, usingizini, mchana, juu ya kiti chake. Alitaka kuzikwa Uingereza, kando ya mumewe fundi saa. Mwanangu, kwa kuwa kusafirisha ndiko anakokujua, aliwasaidia kuzungusha karatasi Baiyun, uwanja wa ndege, na mimi nilimsindikiza. Nilisimama upande wa mizigo, mahali nilipozoea kusimamia viatu vya kutumwa haraka, jeneza likapita. Nilimwombea. Na katika kuomba kwangu, palipita wazo hili: sasa atabaki kwangu. Naliandika kwa kuwa nimeahidi nafsi yangu kuandika ukweli.

Kijana wake wa kiume alimpokea huko. Binti yake alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa goti, hakuweza kupanda ndege, kwa hiyo akakaa matanga hapa hapa, siku saba kwa desturi yao. Tulipanda siku ya pili. Mlango ulikuwa wazi. Vioo vilifunikwa mashuka. Binti alikaa kwenye kigoda kifupi, mguu umenyooshwa. Nilikuwa nimeandaa maneno, maana matanga ndiyo uwanja wangu. Mume wa binti akanishika mkono pale mlangoni, akaninong'oneza kwa Kiingereza chepesi ninachokifahamu kwamba kwao mgeni haanzi kusema. Unaingia, unakaa. Mfiwa akisema, nawe useme. Asiposema, unaondoka ulivyokuja.

Katika miaka hamsini ya kwenda matangani, sijawahi kukalia kiti kigumu kama kile. Pole zilinijaa mdomoni. Niliyatazama mashuka juu ya vioo, nikatazama zulia. Mke wangu kando yangu alikaa mikono mapajani, ametulia, kama mtu aliyefika kwake. Nikaona kwamba anakijua kimya kile, amekaa ndani yake miaka minane, na mimi ni mgeni.

Baada ya muda mrefu binti alisema, kwa Kiingereza hicho hicho, hakumtazama mtu.

"Watu wanakuja kuniambia mama yangu alikuwa msikilizaji mkubwa. Ni kweli. Aliwasikiliza wao. Sisi alituuliza tumesoma nini shuleni, akatoka kabla hatujajibu. Mgeni wake wa saa tisa alikuwa amefika." Akavuta pumzi. "Nilikuwa nakaa kwenye ngazi nje ya kile chumba. Niliwachukia wale watu. Wanaingia wamekunja uso, wanatoka wepesi, nami nasema, huo wepesi ni wangu, wameuchukua kwangu."

Nilisahau kunyamaza. "Na mimi," nikasema.

Mke wangu aligeuka akanitazama.

Binti alitabasamu kidogo. "Siku moja, nina miaka kumi na miwili, nilitoka nje nikabonyeza kengele kama mgeni. Akafungua. Nikasema nina miadi. Hakucheka. Alinikaribisha, akanikalisha kwenye kile kiti, akafunga mlango. Akanipa dakika zangu hamsini zote. Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka kwamba hakusema kitu."

Tuliposhuka, mke wangu hakuuliza nini kilichonifanya niseme vile, na mimi sikueleza. Siku saba zikaisha, mashuka yakatolewa kwenye vioo.

Jumanne iliyofuata, saa nne kasorobo, nilimkuta mke wangu amevaa baibui, amejifukiza, amekaa kitandani na mkoba magotini. Hakuwa na pa kwenda. Mkono wake ulikuwa umezoea kuvaa, umevaa wenyewe. Moyo wangu, badala ya kumhurumia, kwanza ulisema: hata Bibi amekufa, bado anajipamba kwa ajili yake. Kisha nikauona mkoba umeegemea tumbo lake kama mtoto aliyelala.

Nilikwenda sebuleni. Nikavuta viti viwili vya kulia chakula nikaviweka kuelekeana, nikazima simu, nikaweka boksi la tishu juu ya kigoda. Nikarudi mlangoni pa chumba.

"Saa nne imefika," nikamwambia.

Alikuja, akavitazama viti.

"Umeviweka vibaya," akasema. "Bibi hakuwa akinikodolea macho hivyo. Alikuwa akitazama dirishani."

Nikakigeuza changu. Dirisha letu linatazama ukuta wa hoteli na nguo za watu zilizoanikwa. Nikauliza, "Ulikuwa ukimwambia nini?" Nikanyamaza.

Sijui ilipita dakika ngapi. Shati moja la buluu lilikuwa likigeuka geuka kwenye waya. Neno subira lilinijia likakaa kwenye ncha ya ulimi kama punje ya pilipili, nikalimeza. Likaja tena, nikalimeza tena. Ndipo nikasikia jina la mtoto wetu, kwa sauti ya mama yake, ndani ya nyumba yetu.

"Viatu vyake," akasema. "Vile vyekundu vya kamba. Siku ya nne niliamka sikuviona. Nguo najua zilikokwenda, niliziona kwa watu. Viatu sikuviona kwa mtoto yeyote mtaani, na nilitazama miguu ya watoto wote. Ulimpa nani?"

Ndiyo maana hakukanyaga Zhanxi, soko la viatu vya jumla ninakonunulia, hata siku moja. Miaka yote nilikuwa nikimwambia twende, ukaone mikokoteni ilivyojaa, viatu vya watoto vimepangwa kama maboga, na yeye akisema hapendi msongamano, nami nikaamini kwamba ni msongamano.

"Hilo ndilo ulilokuwa ukimwambia?"

"Na mengine. Lakini nilianzia hapo na nikirudi hapo. Na kila mara akinijibu jibu moja: mama, mimi sijui, mwenye kujua iko ghorofa ya kumi na moja."

Ningeweza kusema nimesahau. Angeniamini.

"Sikumpa mtu," nikasema.

Nikamwambia. Kwamba nilivitia ndani ya kanzu nikaenda navyo msikitini nimpe maskini wa kwanza, na maskini wa kwanza akaja na mtoto wake, nami nikampa fedha nikabaki na viatu. Kwamba niliviweka chuoni, ndani ya sanduku la misahafu iliyochakaa, ambalo watoto hawakuruhusiwa kulifungua. Kila alfajiri kabla ya wanafunzi kufika nililifungua. Kimoja kilikuwa na alama ya kidole gumba ndani. Nilivifungua kwa miaka mitatu, mpaka masika moja paa likavuja, ngozi ikaoza, nikavizika nyuma ya chuo kwa mikono yangu, na siku hiyo nililia mpaka nikachelewa darasa. Mwaka uliofuata nikaingia biashara ya viatu. Watu walisema nimefuata maslahi.

Sikumtazama nilipokuwa nikisema. Nilitazama lile shati. Nilipomaliza nilidhani atanishika mkono, au atalia.

"Ulikuwa ukivifungua kila siku?" akauliza.

"Kila alfajiri."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Hapo nikageuka, na niliutambua uso wake mara moja, kwa kuwa ndio uso niliokuwa nao mimi miaka minane, kila nilipoisikia lifti ikipanda. Miaka mitatu nilikuwa na mtoto wake kila asubuhi, mlango umefungwa, na yeye yuko nyumbani ananipikia chai.

"Ungeniita," akasema.

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa nayo kama matatu. Nikageukia dirisha, nikanyamaza, naye akaanza kusema, na saa tano kasoro dakika kumi ilipofika hakuna aliyeinuka.